Kaniuliza kama kwetu ushauri nasaha ni WAZEE CHINI YA MTI!!!

Binti_wa_Houston:
Wakuu, nimeegesha gari pembeni, mikono inatetemeka. Ni yule mama, msimamizi wangu. Mliopita mikononi mwake hapa Houston hamhitaji jina, kile kikombe chake tu kinatosha.

Leo, mbele ya wenzangu watano anaotusimamia, kanitazama juu ya miwani: "Kwani huko kwenu kuna washauri, au mnakaa na wazee chini ya mti?" CHINI YA MTI! Kisha kapuliza kahawa yake, kanywa.

Uzamili nimesoma hapa hapa Texas, krediti 60. Mtihani wa taifa, maswali 200, nimefaulu. Wa sheria za jimbo, nimefaulu. Ili upate leseni kamili ya ushauri nasaha, jimbo linataka masaa 3,000 chini ya msimamizi, 1,500 kati yake uwe na mteja, na hata ukikesha humalizi kabla ya miezi 18. Sawa, mteja lazima alindwe. Sigombani na sheria. Nagombana na mtu ninayemlipa kwa jasho langu, na fomu yangu ya masaa imelala mezani kwake tangu mwezi wa tatu mpaka imeota ndevu. Nimeomba saini, nikapewa mti.

Wale wazee wangekuwa wameshasaini zamani!

Kobe_Mzee:
Mshauri nasaha mwenyewe unawaka hivi, wateja utawatuliza na nini? Vuta pumzi, hesabu mpaka 3,000.

Binti_wa_Houston:
Kobe, wateja wangu hawajawahi kunitukania kwetu. Chini ya mti, mbele ya watu watano!

Mchaga_Columbus:
Pole dada. Msimamizi wangu wa huku ni pacha wake. Alikuwa akisinzia kwenye kikao, na pesa anachukua.

Mswahili_Dallas:
Tafuta mwingine. Texas inaruhusu wasimamizi wawili kwa wakati mmoja.

Binti_wa_Houston:
Na masaa niliyofanya kwake atayasaini nani? Mti?

Nesi_Minneapolis:
Shukuru uko Texas. Huku Minnesota leseni ya ushauri nasaha ya ngazi ya kliniki ni masaa 4,000. Ila nyie wote hamjaonja. Sisi wauguzi tuliosoma nyumbani tunasubiri chuo kitume matokeo yetu mpaka mvi zinatoka. Mimi kila nikipiga simu, karani yuko chai. Chai gani ya miezi minane?

Mchaga_Columbus:
Karani huyo namfahamu 😂 Hata cheti changu alikikalia.

Kobe_Mzee:
Mpelekeeni vitumbua.

Dada_Rasta:
Mnalia na vyuo, je sisi wasusi? Kabla ya 2015 Texas ilidai cheti cha masaa 35 ndipo usuke kwa pesa. Nywele nimeanza kusuka nina miaka sita, kwa bibi, barazani!

Kobe_Mzee:
Chini ya mti?

Binti_wa_Houston:
Kobe umenikosea sana.

Nesi_Minneapolis:
Dada_Rasta, ni wewe uliyenitoza dola 280 nikija harusini Houston? Zimefumuka kabla sijashuka kwenye ndege.

Dada_Rasta:
Ulikuja na nywele zimelowa, saa nne usiku, na watoto watatu! Na 40 hujamalizia mpaka leo.

Mswahili_Dallas:
280?? Huku Dallas ni 150, na chai unapewa.

Nesi_Minneapolis:
Mswahili, nitumie namba ya huyo.