Naomba ushauri: kuandika mtandaoni taratibu bila presha

Habari zenu wakuu, mimi ni mama wa mtoto mmoja niko Morogoro, dogo akishalala saa tatu usiku ndo nashika laptop, kwahiyo nataka kazi ya kuandika makala au kutafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili, hata mbili kwa wiki zinatosha sina haraka ya utajiri. Mwezi uliopita jamaa kanipa "jaribio" la maneno 1200 nikakesha nalo, nikamtumia, tiki zikawa bluu, mpaka leo kimya (na bando langu limeenda). Upwork (ule mtandao wa kutafutia kazi za mtandaoni) nimejiunga ila zile konekti za kuombea kazi, moja dola 0.15, zinaisha tu sijibiwi. Nikomae hapo hapo? Na jaribio la bure nyie mnakubali mwisho maneno mangapi?