Sydney mpaka Broken Hill: treni ya Jumatatu, Indian Pacific au gari?

Mpanda_Gogo: Wakuu, mwezi wa saba nina likizo fupi nataka nifike Broken Hill, ule mji wa migodi kule jangwani Australia, km 1,125 za reli kutoka Sydney. Naona kuna treni ya mara moja kwa wiki, kuna Indian Pacific, ile treni ya kifahari, na mwenzangu anang'ang'ania gari. Nani keshafika?

BibiSwaumu: Mimi nilipanda ya Jumatatu, Outback Xplorer. Inatoka saa 12 asubuhi na kitu, kama masaa 13 umekaa kwenye siti, kitanda hakuna. Ila ukishapita kituo cha Ivanhoe aisee, udongo mwekundu kama wa Tsavo, emu, wale ndege kama mbuni, wanatimka pembeni ya reli, netiweki imekata, unabaki na dirisha lako tu. Beba chapati na chupa ya chai. Sasa shida: inafika giza limeshaingia, na Jumanne asubuhi inageuza. Ukirudi nayo mji hujauona, ukiiacha unasubiri wiki nzima.

Mpanda_Gogo: Kwa hiyo bora Indian Pacific?

KakaReli: Ile ni hoteli ya magurudumu bana, msosi na kitanda vimo ndani ya nauli, na nauli yenyewe usiitaje nyumbani. Inakwenda zake Perth, km 4,352, hapo Broken Hill mnanyoosha miguu masaa machache mnatembezwa na basi, mnarudishwa ndani. Kama shida yako ni mji, usitupe hela.

Otis_254: Gari ni poa mkiwa watatu ama wanne, mnalala mji wa Cobar njiani, kesho mnamalizia. Lakini jua likianza kuzama egesha, kangaroo hajui indiketa. Faida ni mnafika mpaka kijiji cha Silverton, km 25 hivi kutoka Broken Hill, treni haikupeleki huko.

BibiSwaumu: Na mjini kwenyewe usikose msikiti wa mabati wa wale wachunga ngamia waliotoka Afghanistan na India, wa 1887, siku hizi makumbusho. Mdogo, mwekundu, ukiuona unanyamaza tu. Madini ya fedha, risasi na zinki ndo yaliyojenga mji tangu 1883, hata jina la BHP, ile kampuni kubwa ya madini (Broken Hill Proprietary), limetoka hapo, na mitaa yenyewe inaitwa Oxide, Sulphide, Chloride, utadhani uko maabara ya shule 😂 Katikati ya mji kuna kilima cheusi cha mabaki ya mgodi, juu yake mnara wa majina ya wachimbaji waliokufa kazini. Panda jioni.

Halafu saa! Wako jimbo moja na Sydney lakini wanafuata saa za Adelaide, mji wa jimbo jirani, nusu saa nyuma. Mimi na saa yangu ya Sydney nikawahi stesheni, baridi ile, vidole havishiki hata tiketi, niko na mfagiaji tu.

Mpanda_Gogo: Basi nimeamua, kwenda treni ya Jumatatu, nalala siku tatu, kurudi basi mpaka mji wa Dubbo halafu treni ya Sydney.

KakaReli: Hilo basi linaondoka usiku wa manane mkuu, kuku bado wamelala. Weka alamu.

BibiSwaumu: Kwa saa za huko 😅