Gereji imeniuzia sensa mbili za oksijeni kwa sababu ya fyuzi moja iliyoungua

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Gari langu ni saluni ya Kijapani ya mwaka 2003, yenye injini ya silinda nne. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi siku chache baada ya bomba la ekzosi kuchomelewa, nami nikalipeleka katika gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, yenye mapokezi ya kupendeza, kahawa ya bure na runinga ukutani. Jina lake nalihifadhi kwa sasa, kwa kuwa madai yangu bado yako mezani kwao.

Kijana mmoja alichomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, chini ya usukani, akasoma misimbo ya hitilafu P0135 na P0141, akaandika kwenye karatasi: sensa mbili, mpya, yaani zile zinazopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi. Kwa kazi hiyo nilitozwa shilingi 2,500 zilizoitwa ada ya uchunguzi. Hakuna aliyeinama chini ya gari, wala hakuna aliyefungua boneti.

Sasa naomba tuelewane kuhusu kile ambacho misimbo hiyo inasema. P0135 inahusu saketi ya hita (kipasha joto kilicho ndani) ya sensa ya kwanza, iliyo kabla ya kataliti, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, na P0141 inahusu saketi ya hita ya sensa ya pili, iliyo baada yake. Saketi ni hita yenyewe pamoja na nyaya zake, viunganishi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi inayoipa umeme. Kompyuta ya gari huona tu kwamba mkondo haupiti inavyotarajia, lakini haina njia ya kujua umekatikia wapi. Tena, katika magari mengi hita za sensa zote hupata umeme kupitia fyuzi moja. Kwa hiyo misimbo miwili ya hita inapojitokeza kwa wakati mmoja, fundi yeyote anayestahili kuitwa fundi huanza kwenye sanduku la fyuzi, kwa sababu ni nadra mno sensa mbili zilizofungwa sehemu tofauti za bomba, kila moja ikipata joto lake, kukata hita asubuhi moja.

Nililipa shilingi 19,000 za sensa, ukiacha ufundi. Misimbo ikafutwa, taa ikazima, nikakabidhiwa ufunguo kwa tabasamu. Taa iliwaka tena nikiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, na hapo nikaelewa walichofanya: misimbo mingi ya aina hii hairudishi taa mpaka kompyuta iione hitilafu ileile katika safari mbili mfululizo, hivyo kuifuta humpa fundi muda wa kupokea pesa kabla ya mteja kurudi. Ubaya mwingine ni kwamba kuifuta hufuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, yaani joto la maji, mwendo na mzunguko wa injini, taarifa ambazo fundi mwangalifu angezinakili kwanza.

Niliporudi, msimbo wa tatu ulikuwa umeongezeka: P0171, kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta machache. Msimamizi akaniambia kwa uhakika kamili kwamba ni kwa sababu Nairobi iko juu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni kweli, lakini huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyojirekebisha ingepata mafuta mengi kupita kiasi, kinyume kabisa cha msimbo aliokuwa ameushika mkononi! Mwenzake akapendekeza kompyuta nyingine iliyotumika Japani. Wa tatu akashauri kataliti ikatwe na bomba tupu liwekwe, eti gari "lipumue". Sikuuliza kataliti ingeenda wapi, maana kila mtu Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri vya magari, anajua kwamba ndani yake mna platinamu, paladi na rodi, na kwamba wanunuzi wapo. Kuikata kusingegusa saketi ya hita hata kidogo.

Nilidai sensa zangu za zamani na kukaa palepale mapokezi mpaka zilipoletwa, kisha nikaondoka.

Aliyetatua jambo hili ni mzee mmoja mwenye kibanda Kariobangi Light Industries, ambaye vifaa vyake vilikuwa multimita (kipima umeme), taa ya kichwani na skana ndogo inayoonyesha vipimo injini ikiwa inanguruma. Alipima kwanza hita za sensa zile za zamani: zote mbili zilisoma ohm 13 na kidogo zikiwa baridi, ilhali hita iliyokatika haisomi chochote. Akachomoa kiunganishi cha sensa ya kwanza, akawasha swichi, akatafuta volti 12 kwenye waya wa umeme wa upande wa gari. Hazikuwepo. Fyuzi ilikuwa imeungua. Hakuibadilisha papo hapo, akaufuata waya kwa mkono hadi akaupata umelala juu ya bomba la ekzosi, ganda lake limeyeyuka na shaba imegusa chuma, kwa kuwa aliyechomelea bomba aliuondoa kwenye klipu yake na hakuurudisha. Mahali hapo pako chini ya kiganja kimoja kutoka kwenye kiunganishi ambacho wale wa Industrial Area walikichomoa na kukirudisha walipofunga sensa mpya. Walipaona, au hawakutazama. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kuhusu P0171, alifunika mdomo wa ekzosi kwa tambara bichi kwa sekunde chache, na sote tukasikia mpulizo kwenye kiungo kilichochomelewa, kabla ya sensa ya kwanza. Ufa wa namna hiyo hautoi moshi tu: kati ya pigo moja la moshi na jingine, bomba hufyonza hewa ya nje, sensa inakutana na oksijeni isiyotoka kwenye silinda, na kompyuta inamwaga mafuta zaidi kurekebisha kosa ambalo halipo. Marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza mafuta, yalikuwa yamepanda kupita asilimia 20. Baada ya ufa kuzibwa, waya kufungwa upya mbali na bomba na fyuzi kubadilishwa, yalishuka hadi karibu na sifuri, na sensa ya kwanza ikawa inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 kama inavyotakiwa. Kazi yote, pamoja na kuchomelea, ilinigharimu shilingi 3,500.

Anayetaka kuniambia kwamba hayo ndiyo mambo ya magari makuukuu asome Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya Kenya ya mwaka 2012. Ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari, inayomtaka mtengenezaji atoe makadirio kabla ya kazi na kumpa mteja nafasi ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha.

Nimewaandikia barua nikidai bei ya sensa, ada ya uchunguzi na gharama ya kuzifunga, nikaambatanisha risiti na picha za waya ulioyeyuka. Jibu lao la pekee hadi sasa ni kwamba "sehemu za umeme hazirudishwi". Wakiendelea hivyo nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo hapo Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hailazimishi mtu kuwa na wakili. Ombi langu ni hili: aliyewahi kuipeleka gereji huko anieleze kama maelezo ya maandishi ya fundi aliyegundua hitilafu yalitosha, au kama alitakiwa kufika mwenyewe kutoa ushahidi, maana mzee wangu wa Kariobangi hapendi kufunga kibanda siku ya kazi.