Rejeta ya Hilux ya zamani (3L): kubadili kiini, mtumba, au mpya ya alumini?

Tabata_4x4: Wakuu, gari ni Hilux LN106, injini ya dizeli aina ya 3L (ni jina la injini, si lita 3), gia za mkono. Ikiwa na mzigo inachemka kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, ikipata mwendo geji ya joto inashuka. Rejeta ni ya shaba, mirija ya chini imeota unga wa kijani. Nibadili kiini (sehemu ya katikati yenye mirija), nichukue mtumba, au mpya ya alumini?

Spana14: Mkuu, anza na feni. Kuchemka kwenye foleni na kupoa kwenye mwendo ni dalili ya upepo mdogo. Rejeta iliyoziba huchemsha zaidi kwenye mwendo mkali na milima. Zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bila ukinzani, klachi yake (kiungo kinachoifanya izunguke na injini) imevujisha mafuta ya silikoni. Kava la feni nalo lisikosekane, bila hilo feni inazungusha hewa ileile ya moto.

Fundi Shaba: Sahihi kabisa. Ila unga wa kijani mara nyingi ni dalili ya kuvuja, rejeta bado ni ya kushughulikiwa. Kama tenki za juu na chini ni nzima, badili kiini. Pima unene wa kiini cha zamani kwa rula na uhesabu mistari ya mirija, usikubali pungufu. Kikilehemiwa, kipimwe kwa hewa ndani ya maji, pauni 18 hadi 20 kwa inchi ya mraba, kwa sababu kifuniko cha rejeta kinashika kama pauni 13. Fundi akitaka kuziba mirija inayovuja kwa risasi, kataa. Kila mrija uliozibwa ni upoaji uliopotea.

Dada wa Gerezani: Mtumba nao unafaa ukijua kuupima. Ziba mdomo wa chini, jaza maji, kisha achia: yatoke kwa mkupuo. Yakitoka kwa kusuasua, iache hapohapo dukani. Rejeta za magari ya otomatiki zina midomo miwili ya ziada ya kupoza mafuta ya gia, kwako haina shida.

Tabata_4x4: Na alumini?

Fundi Shaba: Inapoza vizuri na ni nyepesi, lakini maji ya kisima yenye chumvi huila haraka. Tenki zake za plastiki hupasuka pale zinapobanwa na bati, na hazilehemeki. Kwa gari la mzigo, shaba.

Tabata_4x4: Fundi wangu anashauri tutoe thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto).

Spana14: Usikubali, kiongozi! Kama ina diski ya chini ya kuziba baipasi (njia ya mkato ya maji), ukiitoa sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Injini za familia ya L, kama hiyo 3L, zikichemka hupasua hedi (kichwa cha injini). Weka thamostati na kifuniko vipya, kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke nusu. Washa hita ya ndani, jaza polepole kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Yasipoisha hata injini ikishapata moto, simamisha kazi na pima gasketi ya hedi kabla ya kulaumu rejeta.