Tupeane uzoefu: Kifaa gani ulijitengenezea mwenyewe kikafanya kazi (au kikakuponza)?

Mzee wa Bisibisi
Wakuu, habari za jioni. Kuna dogo humu kauliza spika ipi nzuri ya bluetooth isiyozidi laki, nikajikuta nacheka peke yangu. Sisi mziki tuliuumba wenyewe. Nilikuwa nang'oa spika kwenye redio mbovu, naiketisha juu ya mtungi wa maji wa bi mkubwa, pembeni naacha upenyo kidogo. Siri iko kwenye huo upenyo. Ukiziba kabisa besi inafifia, ukiacha mkubwa unasikia makelele tu. Ukiupatia, jirani anakuja kuuliza mmenunua mziki lini. Bi mkubwa naye anauliza maji atayaweka wapi.
Haya, nanyi mlitengeneza nini?

Mnyamwezi Asili
Betri! Zile kubwa za redio. Asubuhi zinaanikwa juu ya bati, saa mbili usiku taarifa ya habari inasikika kama kawa.

chumvi_kidogo
Kuanika ni uvivu. Toboa kwa msumari, dondoshea maji ya chumvi, ziba kwa nta ya mshumaa.

Mnyamwezi Asili
Halafu ivuje ndani ya redio ya mzee ile springi zote, ukalale kwa shangazi. Endelea tu na chumvi yako.

Fundi Kimya
Wote mnahangaika. Betri mpya ina volti 1.5, nne zinakupa 6. Zikichoka hadi kwenye 1 hivi, usizitupe, unga sita unapata 6 ileile. Unazisokota kwenye boksi la katoni, unafunga kwa mpira wa tyubu, unatoa waya mbili mpaka kwenye redio. Kijijini kwetu kuna redio zilikuwa na mkia wa betri mrefu kuliko redio yenyewe. Ila usichanganye mpya na zilizochoka, mpya inamalizwa na wenzake.

Mnyamwezi Asili
Mkia wa betri 😂😂 nimekumbuka mbali

Dr. Uhalisia
Naomba niwe mkweli. Huu si ubunifu, ni umaskini. Mngekuwa na hela mngenunua betri mpya. Tuache kupamba shida.

Fundi Kimya
Kwani nani kakwambia mwenye shida hafikirii?

Msee wa Shauri Moyo
Daktari, nakusalimu kutoka Nairobi. Hilo jiko la mkaa lenye udongo ndani unalopikia kwako, unajua limetoka wapi? Miaka ya mwanzo ya 1980 lilikuja wazo la jiko la Thailand lenye kuta za udongo, likachanganywa na jiko letu la bati. Mafundi wa jua kali huku Shauri Moyo wakaligonga kwa nyundo mpaka likapata kile kiuno kinachoshika udongo. Mkaa unaoungua ni kidogo kuliko jiko la bati tupu. Huo nao ni umaskini?

Dr. Uhalisia
Mimi napikia gesi.

Mzee wa Bisibisi
😂😂 Daktari kaza buti

Binti Saidi wa Tanga
Hodi jamani, wanawake tupo pia. Mimi nilitengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga. Boksi la televisheni, balbu ya wati 40, bakuli la maji kwa ajili ya unyevu, kipimajoto cha ukutani. Joto linatakiwa 37.5, ukilegea kidogo yai linaharibika. Joto likipanda natoboa tundu jingine kwenye boksi, likishuka naziba kwa karatasi. Mayai nilichora X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, nisisahau niliyoyageuza. Siku ya 18 unaacha kuyageuza, unasubiri ya 21.
Sasa siku ya 20 usiku TUKAKATIWA UMEME. Nilichemsha maji, nikajaza kwenye chupa za soda, nikazifunga kanga na kuzipanga pembeni ya mayai. Hadi adhuhuri ni kuchemsha na kubadilisha. Mume wangu akawa ananisemesha kama mtu anayeuguza. Kesho yake mlio wa kwanza ndani ya yai nililia, wallahi.

chumvi_kidogo
Walitoka wangapi da'mkubwa?

Binti Saidi wa Tanga
Zaidi ya nusu, alhamdulillah. Majogoo watupu lakini.

Kaka wa Bweni la Pili
Nimekuwa msomaji tu humu miaka, leo acha niandike.
Tulikuwa bodingi, shule siitaji, nikaunda kituo chetu kidogo cha redio. Niling'oa transista kwenye redio iliyokufa, nikasokota koili ya waya wa shaba kwenye kalamu, nikaunga betri ya volti 9 na maikrofoni ya kaseti. Kuchomelea tulitumia msumari uliopashwa kwenye mkaa. Antena kipande cha waya cha sentimita 75. Nikawasha redio ya jamaa, nikazungusha taratibu huku mwenzangu anahesabu moja mbili, moja mbili. Pale kwenye 90 na kitu nikasikia "moja mbili" ndani ya redio. Bweni zima lilipiga kelele!
Shida ukisogeza mkono masafa yanahama, kwa hiyo mtangazaji alikuwa anakaa mbali kama anaogopa nyoka. Ukitanua koili unapanda, ukiibana unashuka.
Kukawa na kipindi kila baada ya prepo. Jamaa mmoja alikuwa anamuigiza mwalimu wa nidhamu balaa. Siku hiyo akatangaza kwa sauti ya mwalimu: "Kesho hakuna ugali, ni pilau, na mchakamchaka umefutwa." Kumbe nyumba ya mwalimu iko nyuma ya uzio wa bweni letu, na mkewe anatafuta stesheni. Anamsikia mumewe redioni, na mumewe yuko mezani anakula!
Mwalimu akachukua ile redio, akaanza kutembea nayo bweni hadi bweni, akifuata pale sauti inapozidi kukaza...
Naendelea, kuna mteja hapa.

Mnyamwezi Asili
Weeee rudi hapa!!!

chumvi_kidogo
Naweka kambi.

Dr. Uhalisia
Chai. Transista moja haifiki kokote.

Fundi Kimya
Daktari, kasema nyuma ya uzio, hajasema Dodoma. Mita hamsini inafika. Ila vijana mkisoma hapa, kurusha matangazo kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, msinitaje.

Kaka wa Bweni la Pili
Nimerudi. Jamaa alikuwa kafumba macho akiigiza, hakumwona mwalimu akiingia. Akasikia sauti yake mwenyewe inatoka kwenye redio iliyoko mlangoni. Viboko tulikula wote. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyetuombea tusifukuzwe, akachukua kile kidude kikaenda maabara. Pilau hatukuiona.

Binti Saidi wa Tanga
Mbavu zangu jamani 😂

Msee wa Shauri Moyo
Mwalimu alikuwa fundi kuliko nyinyi, alijua kufuata mawimbi.

Mzee wa Bisibisi
Kabla hatujalala, mnaotumia betri la gari nyumbani: likiwa linachajiwa usimulike kwa koroboi kuona maji. Ile gesi inalipuka.

chumvi_kidogo
Na maji ukikosa ya dukani weka ya mvua.

Fundi Kimya
Ya mvua iliyopita kwenye bati lako lenye kutu? Utaniletea mwenyewe nilitupe.

Mnyamwezi Asili
Wakuu, nani anajua ilipo IC ya LA4440 orijino, ile chipu ya kukuza sauti? Nataka kuunda amplifaya ya volti 12, kila ninayouziwa inaungua.

Fundi Kimya
Tafuta redio ya gari ya zamani iliyokufa, ing'oe humo. Na weka kipande cha alumini nyuma kipooze joto, hizo zinazoungua huenda ni wewe.