Ports of Call: kwa nini nafilisika kila nikinunua meli ya pili?

Nahodha_wa_Kiti

Wakuu salaam. Kuna mtu humu bado anacheza Ports of Call? Lile gemu la kale la Rolf-Dieter Klein na Martin Ulrich, la zama za kompyuta ya Amiga, miaka ya 1980. Unafungua kampuni, unanunua meli, unatafuta shehena, unazunguka dunia. Nimelipata kwenye emuleta (programu ya kuiga kompyuta za zamani) miezi miwili iliyopita na usingizi umenihama.

Tatizo langu ni hili. Meli ya kwanza, ile chakavu ya bei ya chini, naiendesha vizuri tu. Faida inaingia, kichwa kinavimba, nanunua ya pili kwa mkopo. Kuanzia hapo mambo yanaharibika na sioni yanakoanzia.

Juzi kampuni yangu (inaitwa Subira, msicheke) ilikufa hivi. Meli moja ilifika bandari isiyo na mzigo wa maana. Nikasema haikai bure hii, nikaiondoa tupu kwenda upande wa pili wa dunia. Ya pili ilikuwa na shehena nzuri sana, lakini niliogopa kuchelewa, nikaifungulia mashine mwisho wa uwezo wake. Ikafika mapema mno. Mlangoni mwa bandari nikakataa tagi, ile boti ya kuvuta meli, maana tagi ni hela, nikashika usukani mwenyewe. Nikagonga gati. Siyo kugusa, ni kugonga, na kwa tezi, yaani nyuma, wakati omo, yaani mbele, ilikuwa imeshapita salama!

Matengenezo yakala akiba yote, deni likamaliza kilichobaki. Napoteza wapi? Na ile meli inaingizwaje bandarini na binadamu wa kawaida?

Mchele_Tani40

Lipa tagi. Mengine yote ni ujuaji.

OmoNaTezi

Mchele amemaliza swali la pili, ila ngoja nifafanue, kwa sababu hili la tezi limenikumbusha mbali. Nilikaa baharini miaka kumi na minne, mingi nikiwa ofisa wa zamu kwenye meli za shehena ya kichele, ile inayomiminwa bila magunia, kama nafaka au makaa.

Wewe unaendesha meli kama gari. Gari likikata kona, nyuma inafuata mbele. Meli inayokwenda mbele inajizungusha kwenye nukta iliyo karibu na omo, kwa hiyo ukiipeleka omo kulia, tezi inafagia kushoto, na inafagia eneo kubwa kuliko unavyodhani. Macho yako yakae kwenye tezi. Halafu, usukani unafanya kazi kwa maji yanayoupita. Ukizima mashine ukidhani unakuwa mwangalifu, umejifunga mikono. Kunja usukani, piga mashine mbele kidogo kwa muda mfupi, zima, tazama inavyoitikia. Tena na tena. Na anza kupunguza kasi mapema kuliko roho inavyokuambia: viwango vya Shirika la Kimataifa la Bahari vinataka meli iliyo kwenye kasi kamili iweze kusimama, mashine ikirudishwa nyuma kwa nguvu zote, ndani ya urefu wake mara 15. Kwa meli ya mita 200 hizo ni kilomita 3. Bandari yako kwenye skrini ina kilomita 3?

Sasa hela. Sidhani gati ndilo lililokuua. Uliingia pale ukiwa mahututi tayari.

Mafuta. Nguvu inayotakiwa kusukuma meli hupanda takribani kwa kipeo cha tatu cha kasi. Meli ya kasi ya noti 14 (maili 14 za baharini kwa saa) ukiishusha hadi 12, mafuta ya siku moja yanapungua karibu asilimia 37. Safari inarefuka, sawa, lakini hata ukipiga hesabu ya safari nzima umeokoa kama asilimia 26. Wewe ulichoma yote hayo ili ufike mapema, na kufika mapema hakuna anayekulipa. Kwenye meli halisi ungetia nanga nje ukasubiri zamu yako huku mpishi anakulalamikia.

Na ile meli tupu ndiyo iliyoniuma zaidi. Meli tupu inakula mafuta, inadai matengenezo, mkopo wake unaendelea, na hapa duniani hakuna mtu anayeilipa. Kabla hujakubali mzigo usitazame malipo peke yake. Tazama utakapoishusha kuna nini cha kupakia. Mzigo wa malipo ya wastani kwenda bandari yenye shehena nyingi ni bora kuliko mnono unaokutupa mahali pakavu. Nilimjua mwenye meli mmoja aliyekuwa akiuliza dalali swali hilo tu, "Na kutoka huko?", kisha anakaa kimya kwenye simu.

bi_mizani

Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani 😄

Mimi naongeza la mkopo. Mnakumbuka 2008? Kipimo cha nauli za meli za kichele, Baltic Dry Index, kilifika 11,793 mwezi Mei. Desemba mwaka huohuo kilikuwa 663. Aliyenunua kwa deni mwezi Mei alikuwa anafikiri kama Nahodha wetu hapa: nina faida, basi nina uwezo. Ukiona mizigo haina maana, egesha meli usubiri. Inauma kuitazama imelala, lakini inauma kwa bei nafuu.

Nahodha_wa_Kiti

OmoNaTezi, mkuu, nimeisoma mara tatu. Swali dogo tu: kwa hiyo bandari finyu wewe ungejaribu mwenyewe bila tagi?

OmoNaTezi

Kwenye gemu, ndiyo, nikiwa nacheza na wanangu na wananitazama. Kazini hata siku moja.

Mchele_Tani40

Narudia. Lipa tagi.

Nahodha_wa_Kiti

Mrejesho, baada ya wiki. Subira ya pili iko hai. Nina meli mbili: moja nimeiegesha, naitazama kwa uchungu kama bi_mizani alivyosema, nyingine inatambaa taratibu na shehena, na kule inakokwenda kuna mzigo wa kurudia. Ya pili nimeinunua kwa fedha taslimu. Tagi nimelipa mara zote isipokuwa moja, na hiyo moja nimefunga gatini bila kukwaruza rangi. Nilipiga kelele hadi nyumba nzima ikaamka.

Jana ndipo nikakutana na manusura wanaelea baharini, gemu linanitaka nisogee niwaokoe. Nikashusha kasi mapema, macho yote kwenye tezi, nikahakikisha haiwafagii.

Omo ikawafikia kabla yangu. Naomba tusilizungumzie.