Ushauri: slaidi za pamoja, wanafunzi wanafutiana kazi

Mwl_Lindi: Habari za jioni wadau. Nafundisha Historia kidato cha tatu huku Lindi. Nimewafungulia wanafunzi faili moja la Google Slides, mada ni Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tangu juzi usiku slaidi za kundi la nne hazionekani. Jumatatu wanawasilisha. Nifanyeje?

BandariMtwara: Pole mwalimu, kazi haijapotea. Fungua kwa kompyuta, nenda Faili, kisha Historia ya matoleo. Usibonyeze kurejesha! Faili zima litarudi nyuma na makundi mengine yatapoteza kazi ya jana. Tengeneza nakala ya toleo la zamani, humo nakili slaidi za kundi la nne, bandika kwenye faili la sasa.

MamaKorosho: Wape manila na maka peni. Manila haifutwi na mtu aliye mbali.

Mwl_Lindi: Manila hainioneshi nani kaandika nini. Nataka kila mmoja apate alama zake.

BandariMtwara: Linki umeifunguaje? Wana akaunti?

Mwl_Lindi: Hawana. Yeyote mwenye linki anahariri. Nilitafuta wepesi, na nimeshawatangazia alama 10 kila mmoja kwa kufuata historia ya faili.

BandariMtwara: Hapo ndipo penye shida. Aliyeingia bila akaunti historia haimtaji jina. Humjui aliyeandika wala aliyefuta.

Chikundi: Hii chai. Shuleni simu marufuku, na maabara hazifunguliwi usiku. Nani alihariri juzi usiku?

Mwl_Lindi: Si chai ndugu. Kompyuta tunazo 6, wanafunzi 48. Linki niliiweka kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, wanatumia simu za nyumbani.

Chikundi: Kumbe! Basi linki wanayo wadogo zao, wajomba na majirani. Mtoto akichezea simu ya mama anafuta slaidi bila kujua. Ifunge leo, iwe ya kutazama tu.

BintiMikindani: Halafu gawa mafaili 6, kila kundi la watu 8 na lake, na akaunti moja kwa kila kundi. Likiharibika moja, matano yamesalimika. Maswali yaweke kwenye mpangilio mama wa slaidi, yaani kiolezo kilicho nyuma ya slaidi, wanaoandika juu yake hawawezi kuyafuta kwa bahati mbaya. Alama 6 za kundi, 4 za kujibu kwa mdomo juu ya slaidi ambayo mwanafunzi ameiandikia jina lake. Jumapili pakua yote kwenye flashi, Jumatatu mtandao ukikatika mnaendelea.

Mwl_Lindi: Alama nimeshatangaza, kugeuka sasa watoto wataniona kigeugeu. Ila linki nimeifunga. Slaidi 5 za kundi la nne zimerudi. Ya Nandete, kijiji vita vilipoanzia, wanapoeleza kung'olewa kwa pamba, siioni.

BandariMtwara: Matoleo yamekunjwa. Bonyeza mshale ulio kando ya tarehe ya juzi, yatafunguka kwa saa na dakika. Fungua moja moja, kuanzia la mchana.

Mwl_Lindi: Nimeipata, saa 10:40 jioni.